Mawimbi huja matatu: historia ya kujifunza kusimama juu ya ubao

Siku ambayo ukungu umeinuka Tukuyu (na siku hizo si nyingi, mwenyewe unajua), tazama upande wa kusini. Ardhi inashuka. Inashuka kupitia migomba na chai, inapita kwenye kakao na mpunga wa Kyela, mpaka inapogusa Ziwa Nyasa. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini kidogo ya mita 500. Maji ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo yanaishia kule. Kwa hiyo ukiwa Rungwe, ziwa ni jirani yako hata kama hujawahi kuloweka kidole ndani yake.

Leo tunazungumzia jambo ambalo huenda hujawahi kulihusisha na Rungwe: kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Umeshaona kwenye televisheni. Mtu analala kifudifudi juu ya ubao, anapiga maji kwa mikono, wimbi linamfikia kwa nyuma, anainuka ghafla na kusimama, ubao unakimbia naye kuelekea ufukweni. Kama ulikulia kijijini na uliwahi kukalia gamba la mgomba ukaserereka kwenye mteremko wenye tope, basi sehemu kubwa ya fizikia yake unaijua. Tofauti ni kwamba hapa mteremko wenyewe unatembea.

Swali letu ni hili: mtu anayejifunza anautoa wapi ujasiri, na anafikaje mahali ambapo ubao unamtii? Jibu la haraka tunalolisikia kila siku ni kwamba kuna watu waliozaliwa majasiri na kuna sisi waoga. Historia haikubaliani na jibu hilo. Ukifuatilia jinsi watu wa pwani na maziwa mbalimbali walivyojifunza, unakuta ujasiri umejengwa kwa hatua, kwa zana, na kwa watu waliokuwa karibu. Na ukivunja vitu hivyo, ujasiri nao unapotea, hata kwa watu ambao babu zao walikuwa mabingwa.

Twende taratibu.

Historia haianzii Hawaii peke yake

Hadithi inayosimuliwa mara nyingi huanzia visiwa vya Pasifiki. Na kweli, kule kuna ushahidi mzuri. Mwaka 1769 Joseph Banks, mtaalamu wa mimea aliyesafiri na nahodha James Cook, aliwaona watu wa Tahiti wakicheza kwenye mawimbi makubwa kwa kutumia kipande cha nyuma cha mtumbwi mkuukuu. Miaka kumi baadaye, 1779, luteni James King aliandika kuhusu watu wa Hawaii waliokuwa wakiteleza kwa mbao katika ghuba ya Kealakekua. Hawaii mchezo huu ulikuwa wa watu wote: machifu na raia, wanaume na wanawake.

Lakini geuza macho upande wa Afrika Magharibi. Katika miaka ya 1640 Mjerumani mmoja aitwaye Michael Hemmersam alikuwa Pwani ya Dhahabu, yaani Ghana ya leo. Aliandika kwamba wazazi waliwafunga watoto wao kwenye mbao na kuwatupa majini ili wajifunze kuogelea. Hesabu mwenyewe: hiyo ni zaidi ya miaka 100 kabla ya Banks kufika Tahiti. Mwaka 1834 msafiri Mwingereza, James Alexander, alikuwa Accra, na alieleza jinsi wavulana walivyoogelea kuelekea bahari kuu wakiwa na mbao nyepesi chini ya matumbo, wakasubiri wimbi, kisha wakarudi nalo ufukweni. Na mwaka 1861 Thomas Hutchinson alichapisha maelezo ya wavuvi wa Batanga, pwani ya Kamerun, waliokuwa na vimtumbwi vidogo mno: urefu wa futi 6 hivi, upana wa inchi 14 hadi 16, na kina cha inchi 4 hadi 6. Yaani mita 1.8 kwa sentimita 40. Hicho ni karibu ubao kabisa! Siku ambazo hawakuvua, waliviendesha juu ya mawimbi kwa starehe.

Mwanahistoria Kevin Dawson alikusanya ushahidi wa aina hii katika kitabu chake cha mwaka 2018, na hoja yake ni kwamba Waafrika wa pwani ya Atlantiki waliuvumbua mchezo huu wenyewe, bila kufundishwa na mtu wa Pasifiki. Anatukumbusha pia jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni: katika karne za 16 na 17, wageni kutoka Ulaya ndio waliokuwa wakishangaa jinsi Waafrika walivyoogelea vizuri, kwa sababu mabaharia wengi wa Ulaya hawakujua kuogelea.

Sasa soma tena maelezo hayo kwa jicho la mwalimu. Watoto wa Accra hawakuanza kwa kusimama. Walilala kifudifudi. Ubao ulikuwa mwepesi na mfupi, unaolingana na mwili wa mtoto. Wavulana walikuwa wengi, siyo mmoja. Wavuvi wa Batanga walitumia zana ambayo tayari waliijua kwa kazi. Na kule kote, kuogelea kulikuja kwanza au kulikuja pamoja na ubao. Hakuna mahali ambapo mtu alikabidhiwa ubao mrefu siku ya kwanza na kuambiwa, "Haya, simama!"

Ubwato, mwalimu wa kiuno

Huku kwetu mwalimu wa mizani juu ya maji ni mtumbwi. Kwa Kinyakyusa unaitwa ubwato. Ukivuka mpaka, Wachewa wanasema bwato. Wabemba wa Zambia wanasema ubwato, Wanyarwanda ubwato, na wasemaji wa Kilingala huko Kongo wanasema bwato. Neno likifanana hivyo katika lugha zilizotawanyika mbali namna hiyo, wataalamu wa historia ya lugha wanajua kwamba ni la zamani sana: lilikuwamo katika lugha mama ya Kibantu kabla watu hawajatawanyika. Kwa maneno mengine, mababu walisafiri nalo. Watu wa milimani wana neno la majini ndani ya lugha yao, nalo lina umri wa maelfu ya miaka.

Mtumbwi wa gogo wa Ziwa Nyasa unachongwa kutoka shina moja la mti. Mdomo wake ni mwembamba kuliko tumbo lake. Ubunifu huo una faida mbili: maji ya wimbi hayaingii kirahisi, na uzito wa mti unabaki chini. Lakini hauna kitu cha kuushikilia pembeni. Linganisha na ngalawa ya pwani ya Bahari ya Hindi, ambayo ina matengo, yaani mbao za kando zinazoelea na kuzuia chombo kisipinduke. Wanahistoria wengi wanaona matengo hayo yalifika Afrika Mashariki kutokana na mabaharia waliotoka visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki, wale wale ambao ndugu zao wa lugha walisafiri upande wa pili wa dunia hadi Tahiti na Hawaii. Dunia ndogo, siyo?

Ngalawa inakusamehe ukikosea. Mtumbwi wa gogo haukusamehe. Ukiegemea kulia, unaegemea nawe. Ndiyo maana ukimtazama mvuvi wa Matema akiwa kwenye mtumbwi, mabega yake yametulia lakini kiuno hakitulii. Kila wimbi likipita chini yake, kiuno kinalifuata na kichwa kinabaki palepale. Hiyo ndiyo siri ya kwanza ya kuutawala ubao, na wavuvi wetu wanayo bila kuiita jina lolote.

Kama unataka kipimo cha mizani, waulize watu wa Ikombe. Wakisi wa kijiji hicho, chini ya Milima ya Livingstone, wanajulikana kwa ufinyanzi, kazi inayofanywa na wanawake, na vyungu vyao hupelekwa sokoni upande wa Matema kwa mitumbwi. Fikiria mtumbwi usio na matengo, umepakia vyungu, ziwa lina upepo. Chungu hakijui kuogelea. Anayepiga kasia pale amejifunza kwa miaka kusoma maji kabla hayajamfikia.

Livingstone na hesabu ya mawimbi

Kusoma maji maana yake nini hasa? Hapa kuna kisa kizuri. Mwaka 1861 David Livingstone alisafiri kwa mashua kandokando ya Ziwa Nyasa, na dhoruba zilimpata si mara moja. Katika maelezo ya safari hiyo, aliandika kwamba mawimbi ya kutisha yalikuja matatumatatu, kisha kukawa na utulivu mfupi, kisha matatu mengine. Yeye na wenzake walikuwa wakitetea maisha yao tu. Lakini jambo aliloliona ndilo ambalo kila mtelezaji wa mawimbi duniani analitegemea leo: mawimbi husafiri kwa makundi.

Kwa nini? Fikiria wapiga ngoma wawili wanaopiga kwa kasi inayokaribiana lakini isiyo sawa. Kwa muda mapigo yao yanaangukia pamoja na ngoma inavuma. Baadaye yanaachana, la mmoja linaangukia katikati ya la mwenzake, na mvumo unapungua. Kisha wanakutana tena. Upepo nao hautengenezi wimbi la aina moja. Unatengeneza mawimbi yenye urefu unaotofautiana kidogo. Vilele vikikutana unapata mawimbi makubwa kadhaa mfululizo. Kilele kikikutana na bonde, vinafutana na maji yanatulia. Idadi haiwi tatu kila wakati, lakini mpangilio wa kundi na utulivu ni wa kweli.

Ziwa Nyasa lina sababu ya pili ya kuwa na mawimbi yanayostahili heshima. Ukubwa wa wimbi unategemea mambo matatu: kasi ya upepo, muda uliovuma, na umbali ambao umesafiri juu ya maji bila kuzuiwa. Ziwa letu lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na upana wake mkubwa hauzidi sana kilomita 75. Ni mfereji mrefu. Kuanzia Mei hadi Agosti hivi, upepo wa mwera huvuma kutoka kusini, kufuata urefu huo. Na mwisho wa mfereji uko wapi? Ncha ya kaskazini: Matema na Kyela.

Jambo la tatu ni mahali wimbi linapovunjika. Wimbi likikaribia ufukwe, sehemu yake ya chini inaanza kukwama kwenye kina kifupi huku juu kukiendelea kukimbia. Linasimama, linapinduka. Kwa kawaida hilo hutokea kina cha maji kinapokuwa takribani mara 1.3 ya kimo cha wimbi. Kwa hiyo wimbi la mita 1 litavunjika kwenye maji ya kama mita 1.3. Likishavunjika, linabaki povu linalosukuma kuelekea nchi kavu, mpaka kwenye kina cha magoti. Povu hilo ndilo darasa la anayeanza.

Unaona sasa kwa nini mtu aliyezoea anaonekana hana hofu? Anahesabu. Anajua kundi likipita atapata dakika chache za kutoka. Anajua wimbi lile litavunjikia pale. Mwenzake aliyesimama naye anaona maji yaleyale kama ghasia tupu, na kwa mwili wake hofu hiyo ni ya haki kabisa.

Mwili unaojifunza

Tukija kwenye mwili, mizani yako inatoka sehemu tatu. Macho yanakuonyesha mstari wa upeo. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu iliyopinda, yenye majimaji, inayohisi kichwa kinapogeuka. Na kwenye misuli na viungo kuna vihisio vinavyouambia ubongo mguu uko wapi hata ukiwa umefumba macho. Sehemu ya nyuma ya ubongo inaziunganisha taarifa hizo na kurekebisha misuli kabla wewe mwenyewe hujafahamu.

Anayeanza hana kasoro kwenye vifaa hivyo. Shida yake ni nyingine, na aliyeieleza vizuri ni mwanasayansi wa Kisovieti, Nikolai Bernstein, aliyeishi kati ya 1896 na 1966. Bernstein alisema kwamba mwili una viungo vingi mno vya kudhibiti kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anayejifunza jambo jipya kwanza anavifunga: anakaza magoti, kiuno na mabega, anakuwa kama mlingoti. Baadaye, ujuzi ukikua, anaviachia kimoja kimoja. Umeshamwona mtu anayejifunza baiskeli alivyokakamaa? Ndiyo hiyo.

Kwenye ubao kukakamaa kuna gharama. Ukinyoosha magoti, kitovu cha uzito wako kinapanda juu na msukosuko mdogo unakuangusha. Ukikunja magoti, kinashuka, na miguu inafanya kazi kama springi za gari. Ukiweka uzito mbele sana, pua ya ubao inachimba maji na unarushwa. Ukiuweka nyuma sana, ubao unanyanyua pua, unapoteza kasi, na wimbi linakupita. Kuutawala ubao kunaanza na kulijua eneo hilo dogo la katikati, kwa tumbo kwanza, kisha kwa miguu. Watoto wa Accra waliolala kifudifudi walikuwa wakilitafuta eneo hilohilo bila hatari ya kuanguka kutoka juu.

Ubao nao umejifunza

Tusimlaumu mtu peke yake. Zana nayo ina historia. Mbao za zamani za Hawaii zilichongwa kwa miti kama koa, na ndefu kabisa zilikuwa nzito kweli. Hazikuwa na kitu chini cha kuzuia mkia usiteleze kando. Mwaka 1935 Mmarekani Tom Blake alifunga kipande cha chuma kutoka kwenye mashua chini ya ubao wake, mfano wa pezi la samaki. Mkia ukaacha kuhangaika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mbao za povu la plastiki zikachukua nafasi ya miti, na uzito ukapungua sana. Miaka ya 1970 ikaja kamba inayofunga mguu kwenye ubao. Kabla yake, ukianguka, ubao unakwenda ufukweni na wewe unaogelea kuufuata, wakati mwingine mbali.

Pezi, wepesi na kamba vilifanya kitu kimoja: vilipunguza bei ya kukosea. Na bei ya kukosea ikishuka, mtu anajaribu mara nyingi zaidi kwa siku. Hapo ndipo ujuzi unapozaliwa. Lakini kamba ilileta tatizo lake pia: ilimruhusu mtu asiyejua kuogelea aende mahali ambapo wa zamani asingethubutu. Kamba ikikatika, anabaki na nini?

Ujasiri una wenzako ndani yake

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alichapisha nadharia yake kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake. Alitaja vyanzo vinne: kufanikiwa mwenyewe katika hatua ndogo, kumwona mtu anayefanana nawe akifanikiwa, kutiwa moyo na wengine, na jinsi unavyousoma mwili wako, kwa mfano moyo unapodunda. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote, alisema, ni kile cha kwanza. Maneno matamu peke yake hayafiki mbali.

Chanzo cha pili kinatuhusu sana Rungwe. Miaka ya 1930 Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kwa Wanyakyusa, na mwaka 1951 Monica akachapisha kitabu kuhusu vijiji vya rika. Wavulana wa miaka kumi hivi walitoka nyumbani kwa baba zao na kwenda kujenga vibanda vyao pamoja na wa rika lao. Walichunga pamoja, walilala pamoja, walikua pamoja. Thamani kubwa ya maisha hayo iliitwa ukwangala, kufurahia kuwa na wenzako. Hata kama hujawahi kuusikia utaratibu huo, mantiki yake unaijua: mtoto anajifunza haraka kwa mwenzake aliyemzidi kidogo kuliko kwa bingwa aliyemzidi mno. Bingwa anakuonyesha kwamba jambo linawezekana kwake. Mwenzako anakuonyesha kwamba linawezekana kwako.

Mfano mmoja wa mbali. Duke Kahanamoku, Mhawaii aliyeshinda dhahabu ya kuogelea Olimpiki ya 1912, alitembelea Australia mwishoni mwa 1914. Pale Sydney alichonga ubao kwa msonobari na kuwaonyesha watu kuteleza. Mwanzoni mwa 1915 alimchukua msichana wa miaka 15, Isabel Letham, akapanda naye ubao mmoja. Wimbi la kwanza la Letham lilikuwa na mtu mwenye uzoefu nyuma yake. Baadaye yeye mwenyewe akawa mwalimu wa kuogelea.

Jinsi ujuzi unavyopotea

Sasa tufike kwenye sehemu inayouma. Hawaii ilikuwa kitovu cha mchezo huu mwaka 1779. Mwishoni mwa karne ya 19 mchezo ulikuwa umefifia vibaya. Maradhi yaliyoletwa na wageni yalikuwa yameua sehemu kubwa ya watu, na mfumo wa maisha uliowapa muda na kibali cha kucheza baharini ulikuwa umevunjwa. Bahari haikuhama wala mawimbi hayakupungua. Waliopungua ni wenzako wa kwenda nao. Ilibidi vyama kama Hui Nalu, ambacho Kahanamoku alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, vianze kuufufua mwanzoni mwa karne ya 20.

Afrika Kusini ilitumia sheria. Sheria ya mwaka 1953 ya kutenga huduma za umma iliwapa wazungu fukwe nzuri, na haikufutwa mpaka 1990. Mtoto Mweusi wa Durban aliyeogopa bahari hakuzaliwa na hofu hiyo. Alizuiwa kukutana nayo. Kisha watu wakasema, "Hawa hawapendi maji."

Na sisi? Tukuyu yenyewe ina kisa. Wajerumani walianza na kituo cha Langenburg kando ya Ziwa Nyasa, halafu makao yakahamia juu milimani na kuitwa Neu Langenburg, Langenburg Mpya. Ndiyo Tukuyu ya leo. Mji ulipanda mlima ukaliacha ziwa. Katika enzi za ukoloni Kyela ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Rungwe. Leo ni wilaya mbili, na ni rahisi kijana wa Tukuyu kukua akidhani maji ni mambo ya watu wa Kyela.

Kudhani hivyo kuna gharama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu takribani 300,000 walikufa maji duniani, wengi wao watoto na vijana, na wengi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mtu wa mlimani siku moja atapanda boti. Atavuka mto uliofurika. Atakwenda pikiniki Matema na marafiki wa chuo, na mmoja ataingia majini kwa kuwa anaona aibu kusema hajui. Tukiendelea kuamini kwamba ujasiri majini ni wa kuzaliwa nao, huyo hatuna la kumsaidia. Tukikubali kwamba unajengwa, tuna kazi ya kufanya.

Ukishuka Matema

Ukipata nafasi, anza kwa mpangilio ambao historia imeupima. Waulize wavuvi kwanza: wapi ni salama, wapi kuna mamba, hasa karibu na midomo ya mito, na upepo wa leo ukoje. Kumbuka kichocho kipo kwenye maji ya kando ya ziwa, kwa hiyo ukirudi nenda kapime. Usiingie peke yako. Jifunze kuelea na kuogelea kwenye kina cha kifua kabla ya ubao wowote. Kisha chukua kipande cha ubao mwepesi, lala kifudifudi, na uache povu likusukume mpaka tumbo liguse mchanga. Rudia mara ishirini. Piga magoti. Rudia tena. Kusimama kutakuja miguu ikishazoea, na kusipokuja siku hiyo hakuna aliyekufa.

Lakini kabla ya yote hayo, kaa mchangani nusu saa bila kufanya lolote. Hesabu mawimbi. Makubwa mangapi yanakuja pamoja? Utulivu unachukua muda gani? Yanavunjikia wapi? Ukianza kuona mpangilio, utagundua moyo umepunguza mbio, na hujagusa hata tone la maji.